Dengu za Mawe na Umri wa Miamba



Mwezi uliopita tulipata mgeni baada ya sala ya Isha. Alikuwa baba mmoja wa mtaani kwetu, mtu mwenye heshima zake, ambaye watoto wake wawili wamesoma mbele yetu. Alikuja na jambo lililomsumbua. Binti yake amepata nafasi katika chuo kikuu huko Dar es Salaam, na elimu aliyoichagua ni elimu ya miamba, ambayo siku hizi huitwa jiolojia. Baba akatuuliza maswali matatu. Kwanza, elimu hiyo ina faida gani? Pili, je, yamfaa mtoto wa kike? Na la tatu, ambalo ndilo hasa lililomtoa kwake usiku ule, alilisema hivi:

"Maalim, nasikia watu hao husema mwamba huu una miaka milioni thelathini, na ule milioni hamsini. Wamejuaje? Nani aliyekuwapo akahesabu? Sitaki nimpeleke mwanangu mbali, kisha akafundishwe uongo."

Tulimwomba atupe muda, kwa sababu swali hilo la tatu lilitugusa penye kidonda chetu wenyewe. Tumeutumia mwezi mzima kusoma na kuwauliza wanaojua, na leo twaona vema kulijibu katika ukurasa huu, ili wazazi wengine na vijana wetu wapate kufaidika. Tena tunayo sababu ya pili. Kosa tulilolifanya mbele ya watu yatupasa kulikiri mbele ya watu.

Kosa lenyewe ni hili. Yapata miaka kumi na minane iliyopita, kaka yake binti huyo, ambaye wakati ule alikuwa mtoto wa miaka kumi, alikuja chuoni asubuhi na jiwe mkononi. Watu walikuwa wakichimba kisima nyuma ya nyumba yao, naye alilitoa katika kifusi. Lilikuwa jiwe jeupe la chokaa, nalo limejaa vitu vya mviringo, bapa, vilivyotuna kidogo katikati, mfano wa dengu. Na vingine vikubwa kuliko dengu. Akauliza: "Maalim, hivi ni nini?" Nasi bila ya kufikiri tukamjibu mbele ya wenziwe wote kuwa ni dengu za watu wa kale zilizogeuka mawe.

Mtoto akaligeuza lile jiwe, akatuonyesha upande uliovunjika, akasema: "Mbona ndani mna vyumba vyumba, Maalim? Dengu haina vyumba."

Tukamkemea. Tukamwambia asishindane na mwalimu wake. Wenziwe wakacheka, na tangu siku ile wakamwita Bwana Dengu. Jiwe likabaki dirishani petu, tukawa twalitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na upepo. Na mtoto yule, ijapokuwa alihitimu msahafu wake vizuri, hakutuletea kitu kingine wala hakutuuliza swali jingine mpaka alipoondoka chuoni.

Sasa twajua kwamba yeye alikuwa na haki, na sisi hatukuwa nayo.

Dengu za Misri

Kosa letu lina ndugu yake wa zamani sana. Yapata miaka elfu mbili iliyopita, msafiri wa Kiyunani jina lake Strabo alifika Misri, akaziona piramidi. Mbele yake palikuwa na marundo ya vipande vya mawe, na katika mawe hayo mna vitu vilivyofanana na dengu. Akaandika kuwa wenyeji walimwambia hayo ni mabaki ya chakula cha wafanya kazi waliojenga, yaliyogeuka kuwa mawe. Twaona, basi, kwamba mtu aweza kuwa mbali nasi kwa miaka elfu mbili na bado akakosea kama sisi, maana wote tulitazama umbo la nje, na hapana aliyelivunja jiwe akatazama ndani.

Vitu hivyo si dengu wala si mbegu ya mmea wowote. Ni magamba ya viumbe wa baharini. Wataalamu huwaita numuliti, na jina hilo katika lugha ya Kilatini lina maana ya sarafu ndogo. Kila kiumbe kati ya hawa alikuwa na mwili wa seli moja tu, hana mifupa, hana macho wala moyo, lakini alijijengea gamba la chokaa lenye vyumba vingi vilivyozungukana kama kamba iliyokunjwa. Alikaa juu ya sakafu ya bahari ya joto yenye maji machache, pafikapo mwanga wa jua. Walipokufa, magamba yao yalijilundika maelfu kwa maelfu, yakashikamana, yakawa mwamba. Na mwamba huo ndio Wamisri walioukata wakajengea piramidi.

Numuliti ni ukoo mmoja tu wa taifa kubwa liitwalo foraminifera, jina walilopewa na Mfaransa Alcide d'Orbigny mwaka 1826. Numuliti huonekana kwa macho, lakini wengi wa jamaa zao hawafiki hata milimita moja, wala huwezi kuwatambua ila kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Na msidhani kuwa habari hizi ni za viumbe waliokwisha tu. Foraminifera wapo mpaka leo katika bahari zote. Mtoto akichota mchanga mweupe wa pwani karibu na matumbawe akautazama kwa kioo cha kukuzia, aghalabu atayaona magamba yao humo. Wengine hukaa chini juu ya mchanga na matope, na wengine huelea majini, wakichukuliwa na mikondo kutoka bahari hii hadi ile. Hawa waeleao wakifa, magamba yao huzama polepole hadi chini, yakafunikwa na tope, mwaka baada ya mwaka.

Jaa la nyumba ya zamani

Sasa natuje kwenye swali la baba: wamejuaje umri?

Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Tuseme kuna nyumba ya zamani katika mji wetu wa pwani, na nyuma yake pana jaa ambalo watu wametupa taka kwa zaidi ya miaka mia. Twachimba shimo katika jaa hilo. Juu kabisa twaokota shilingi yenye picha ya Mwalimu Nyerere. Sarafu hizo zilianza kutolewa mwaka 1966. Tukishuka, twaokota senti za Afrika ya Mashariki zenye jina la Mfalme George wa Uingereza. Tukishuka zaidi, twaokota heller za Wajerumani, zilizoanza kutolewa katika mwaka 1904, ambazo ndizo zilizotuachia neno "hela" tunalolitumia hadi leo. Je, yahitaji mtu aliyekuwapo ili tujue ni taka zipi zilizotupwa kwanza? La. Chini ni zamani, juu ni karibuni, na kila tabaka lina sarafu yake.

Kisha twaenda mji wa pili, mbali na huu, twachimba jaa jingine. Huko hatukuti shilingi wala senti za Mfalme George, twakuta heller peke yake. Hapo twaweza kusema kwa yakini kuwa tabaka hili ni la wakati mmoja na lile la chini la mji wa kwanza, ijapokuwa udongo wake ni mwekundu na ule ulikuwa mweusi. Rangi ya udongo haisemi wakati. Sarafu ndiyo isemayo.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa miamba. Mwingereza William Smith, aliyekuwa akipima ardhi kwa ajili ya mifereji na machimbo ya makaa, aliona kwamba kila tabaka la mawe lina magamba na mifupa ya namna yake, na kwamba mpangilio huo hauchanganyiki, uende huku au kule. Kwa ujuzi huo akachora ramani kubwa ya miamba ya nchi yake, ikatoka mwaka 1815. Mabaki hayo ya viumbe yaliyohifadhiwa katika mwamba ndiyo yaitwayo visukuku.

Lakini visukuku vikubwa vina taabu yake. Kekee ya kuchimbia ikishuka chini sana, hurudisha vipande vidogo vya mwamba, na konokono au mfupa mkubwa husagwa usitambulikane. Foraminifera ni wadogo hata husalimika. Kijiko kimoja cha tope la bahari chaweza kuwa na maelfu ya magamba yao. Tena wale waeleao walienea bahari nyingi kwa wakati mmoja, kama sarafu ya dola kubwa inayokubaliwa katika bandari zote. Na jambo la tatu, namna zao zilibadilika upesi kwa hesabu ya miamba: namna hii yatokea, yakaa muda, kisha yatoweka isirudi tena. Kila kutokea na kila kutoweka ni alama.

Kuosha, kuchuja na kuokota

Kazi yenyewe haina uchawi. Kipande cha udongo wa mwamba hukaushwa, kikalowekwa majini mpaka kikalainika, kisha kikaoshwa juu ya chujio lenye matundu madogo mno, madogo kuliko ya chujio lo lote la jikoni. Tope huondoka na maji. Magamba hubaki, yakakaushwa. Hapo mtaalamu huyamimina juu ya sahani nyeusi chini ya darubini, akashika brashi nyembamba iliyoloweshwa ncha, akaokota gamba moja moja na kulitia katika kijisanduku chake. Mama zetu wanaochagua mchele katika ungo wataifahamu kazi hiyo kuliko wengi wetu wanaume. Yataka macho, utulivu na subira.

Kisha lazima awe na hadhari, maana yako mambo mawili yanayoweza kumpoteza. La kwanza ni magamba ya kale yaliyong'olewa na maji kutoka mwamba mkongwe, yakachukuliwa, yakalazwa katika tope jipya. Hili ni sawa na mtu wa leo aliyeweka heller ya babu yake katika sanduku, ikamwangukia jaani mwaka huu. Heller hiyo haiwezi kulifanya jaa la leo kuwa la wakati wa Wajerumani. Kwa hiyo hukumu ni kwamba tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kisukuku kipya kabisa kilichozaliwa nalo.

La pili ni katika kuchimba. Kekee ishukapo, kuta za kisima huporomoka kidogo, na magamba ya juu huanguka chini yakachanganyika na ya chini. Ndiyo maana wachimbaji wa mafuta na gesi hutegemea zaidi kuangalia mahali namna fulani inapoonekana kwa mara ya kwanza wakati wa kushuka. Mahali hapo ndipo ilipotoweka duniani, na kitu kilicho chini hakiwezi kuanguka kwenda juu. Twaona jinsi wanavyohakiki ushahidi wao, kama kadhi mwadilifu asiyekubali kila shahidi kabla ya kumchunguza.

Na hesabu ya miaka?

Hapa baba aliye makini atasema: "Vema, nimekubali kuwa hili ni la zamani kuliko lile. Lakini milioni zatoka wapi? Heller ina mwaka uliopigwa juu yake, gamba halina."

Amesema kweli. Gamba peke yake latoa mpangilio, halitoi idadi ya miaka. Idadi hutolewa na shahidi mwingine. Mlima wa moto ukilipuka hutupa jivu, na jivu huanguka baharini likawa tabaka jembamba katikati ya matope yenye magamba. Ndani ya jivu hilo mna punje za madini zenye uraniamu au potasiamu. Sehemu ya vitu hivyo hugeuka kidogo kidogo, uraniamu ikawa risasi, na potasiamu ikawa gesi ya argoni, kwa mwendo ambao wataalamu wameupima maabarani. Wakipima kilichobaki na kilichogeuka, hupata umri wa jivu. Na gamba lililo karibu na jivu hilo hupata umri wake kwa jirani yake.

Mfano ulio mashuhuri uko Massignano, karibu na mji wa Ancona katika Italia. Mwaka 1992 wataalamu wa mataifa walikubaliana kuwa mahali hapo pawe kielelezo cha mpaka kati ya zama mbili, Eosini iliyotangulia na Oligosini iliyofuata. Alama yake ni kutoweka kwa foraminifera waliokuwa wakielea baharini, waitwao Hantkenina kwa kumkumbuka mtaalamu wa Hungaria, Miksa Hantken. Ni rahisi kuwajua, kwani kila chumba cha gamba lao kina mwiba mrefu, hata huonekana kama nyota. Katika mawe ya huko mna matabaka yenye madini ya milima ya moto, nayo yalipopimwa pamoja na ushahidi mwingine, mpaka huo ukahesabiwa kuwa na miaka milioni 33.9. Basi po pote duniani penye tope la bahari kuu la wakati huo, mchunguzi akiona Hantkenina wa mwisho ametoweka, ajua amefika kwenye mpaka huo.

Kilwa na Lindi

Na hapa ndipo habari hii inaporudi mlangoni petu. Mwaka 1962 kilitoka kitabu cha wataalamu wa Kiingereza ambamo wawili wao, Blow na Banner, walieleza foraminifera waeleao waliopatikana katika udongo wa Lindi, Tanganyika. Baadaye, kuanzia mwaka 2002, kundi la wataalamu likiongozwa na Mwingereza Paul Pearson, kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, lilichimba visima vyembamba katika sehemu za Kilwa na Lindi. Hawakutafuta maji wala mafuta, bali walitaka kuutoa udongo mzima mzima, mfano wa mua, ili waone tabaka zote zilivyopangana.

Walichokikuta kimewashangaza wanachuoni wa dunia. Mahali pengi magamba ya namna hii huwa yamegeuka meupe kama chaki, kwa sababu maji yamepenya mwambani yakayabadilisha. Ya kwetu yamehifadhiwa katika udongo mzito usiopitisha maji, wala hayakuzikwa chini mno, hata mengi yangali yang'aa kama kioo. Kwa ajili hiyo yamefaa kwa kazi nyingine zaidi ya kujua umri, yaani kupima joto la bahari ya zamani. Makala iliyotoka mwaka 2001 katika jarida la Nature ilitumia magamba ya Tanzania kuonyesha kuwa bahari za joto za wakati huo zilikuwa na joto zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Na miongoni mwa walioiandika yumo mama wa Kitanzania, Joyce Singano, wa Shirika hilo la Petroli, mtaalamu wa visukuku hivi vidogo.

Mwaka 2006 miamba hiyo ikapewa majina rasmi. Yote kwa jumla huitwa Kundi la Kilwa, nayo imegawanywa mafungu manne. La chini na la kale zaidi ni Nangurukuru, ambalo mwanzo wake ni wa wakati wa madinosaria. Juu yake Kivinje. Juu yake Masoko. Na la juu kabisa ni Pande. Msomaji wa Kilwa anayepita Nangurukuru kila juma kwenda kuuza samaki, na ajue kuwa jina la kijiji hicho husomwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali.

Ndani ya fungu la Pande wakaupata ule mpaka wa Massignano. Hantkenina wapo, wapo, kisha hawapo tena. Wakati huo huo, mbali kabisa katika ncha ya kusini ya dunia, bara la Antaktiki lilikuwa likianza kufunikwa na theluji kubwa ambayo haijaondoka mpaka leo. Mwaka 2009 wataalamu hao wakatumia magamba ya Tanzania kupima kiasi cha hewa ya kaboni iliyokuwa angani, wakaonyesha kuwa ilipungua karibu na wakati ule theluji ilipoanza kutanda. Ubishi wa leo juu ya joto la dunia, basi, una shahidi wake katika udongo wa Lindi.

Majibu kwa baba

Swali la kwanza lilikuwa la faida. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, yatoka katika miamba iliyo chini mno, na kekee ikiwa chini huko haioni kitu. Magamba haya madogo ni miongoni mwa mashahidi wanaowaambia wachimbaji wamefika tabaka gani. Tena mwaka 1968 meli iitwayo Glomar Challenger ilianza kuchimba sakafu ya bahari kuu. Katika Atlantiki ya kusini iligundua kwamba kadiri uendavyo mbali na safu ya milima iliyo katikati ya bahari, ndivyo visukuku vilivyo chini kabisa, juu ya mwamba wa moto, vilivyo vya zamani zaidi. Huo ukawa ushahidi mkubwa kwamba Afrika na Amerika ya Kusini zinaachana.

Swali la pili lilikuwa la mtoto wa kike. Mwaka 1921, katika Marekani, mwanamke aitwaye Esther Applin alisema mbele ya wataalamu kuwa foraminifera waweza kutumika kujua umri wa miamba ya mafuta ya Texas. Wako waliomdhihaki. Yeye na wenziwe wawili, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, wakaendelea kuosha na kuokota, na mwaka 1925 wakaandika kazi iliyoonyesha matabaka ya chini ya ardhi ya pwani ya Texas na Louisiana. Makampuni ya mafuta yakaanza kuajiri watu wa darubini. Na kwetu tumekwisha kumtaja Mama Singano. Baada ya hayo, sisi hatuna la kuongeza.

Na swali la tatu, kama elimu hii ni uongo? Tumekwisha eleza jinsi inavyopima ushahidi wake. Tungependa kuongeza hili tu, kuwa si jambo geni kwa watu wa dini yetu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyeishi karibu miaka elfu moja iliyopita, aliandika kwamba jangwa la Arabuni lilikuwa bahari kisha likajaa, na alitaja magamba yanayoonekana pachimbwapo visima. Ibn Sina naye alieleza jinsi viumbe na mimea inavyoweza kugeuka jiwe. Hao walikuwa Waislamu waliosali na kufunga, na kutazama ndani ya kisima hakukuwapunguzia kitu. Anayepungukiwa ni yule anayemkemea mtoto aliyetazama.

Tulimwendea baba nyumbani kwake Ijumaa iliyopita, tukamweleza haya kwa urefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema: "Basi atakwenda." Kisha akamwita mwanawe mkubwa aje kutuamkia. Huyu sasa ni mvuvi, mwenye mke na watoto, na mikono yake imekuwa migumu kwa kamba za jarife.

Tulikuwa tumelichukua lile jiwe. Tukamkabidhi mbele ya baba yake na mkewe, tukamwambia: "Ulisema dengu haina vyumba. Ulisema kweli, nasi tulikudhulumu. Tusamehe." Akalipokea, akaligeuza upande uliovunjika kama alivyofanya alipokuwa mtoto, akacheka kidogo.

"Nimekwisha samehe zamani, Maalim," akasema. "Lakini niambie, lina umri gani?"

Tukamjibu kuwa hilo halimo katika uwezo wetu. Amngoje nduguye arudi likizo na darubini. Akaliweka juu ya rafu, mahali ambapo watoto wake hawafiki. Kisha akafikiri, akalishusha, akaliweka chini wanapofika.

Wallahu aalam.